Hapana ya Kwanza

Hebu niambie, ukipewa kitu unachokitamani kwa roho yote, unakipokea papo hapo? Katika mtaa wa wauza nta wa Uchiko mtu hafanyi hivyo. Hata bakuli la maharage hukataliwa mara mbili kwa adabu, mara ya tatu ndipo mikono inanyooshwa.

Shizuno alirudi mtaani baada ya kumuuguza shangazi yake huko mjini Matsuyama miezi minane. Nyumba zilikuwa zilezile za mababu, kuta rangi ya kiini cha yai, na wageni wakizipiga picha. Mlangoni pa duka lao la mishumaa akasimama. Pazia la buluu lilikuwa jipya, na chini ya alama ya ukoo limeandikwa jina la Kengo, mkwe wa kaka yake. Mtaani kwao, mwenye pazia ndiye mwenye duka.

Na ni Shizuno aliyepaka mishumaa nta ya moto kwa kiganja miaka thelathini na miwili, tabaka juu ya tabaka, hata ngozi ya mkono wa kulia ikawa laini kama sahani.

"Umerudi, jirani!" akaita Bi Orie wa duka la tofu. "Sherehe ya pazia umeikosa. Lakini samaki wenyewe walikuwa wadogo kama aibu ya kaka yako!"

Ndani, kaka yake Tokuji alikuwa akimenya chenza.

"Karibu, dada. Kaa ule."

"Kaka, Kengo ameshika nta tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu. Lakini nimemfanya mwanangu, amechukua jina letu. Halafu wewe nilikuuliza kwanza, mwaka juzi, hapa hapa. Ukasema, 'Mimi? Sistahili.'"

"Nilikataa mara moja tu."

"Sasa hapana si hapana?"

"Uniambie hivyo wewe? Wewe uliyemkatalia mshenga mara mbili, huku nguo ya harusi umeshaiweka kabatini?"

Tokuji akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Akaendelea kukwangua chenza lisilo na ganda tena. Alijua. Ndiyo maana hakuuliza mara ya pili, na ndiyo maana alingoja dada yake awe mbali.

"Taratibu, dada. Kuna wageni."

Kweli, wawili walikuwa wameinua pazia wakichungulia. Siku nyingine Shizuno angeinamisha kichwa, atabasamu, aseme haidhuru.

"Nililitaka," alisema, akasikika hadi kwa Bi Orie. "Kaka, lile pazia nililitaka."