Karatasi ya Kugeuzia

Kwa mujibu wa karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda chake, hakuna mama aliyekuwa akitunzwa vizuri kuliko yule. Saa mbili asubuhi amegeuzwa kulia. Saa nne kushoto. Saa sita chali. Uji amemaliza wote, maji amekunywa, ametabasamu. Mumewe, ambaye wenzake waliomzoea humwita Karani, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda hicho tangu chai ya asubuhi, na kiumbe pekee aliyemwona akimsogelea mkewe ni inzi.

Makao hayo ya wazee alihamia mwenyewe, mzima wa afya ukiacha kiuno, kwa sababu kiharusi kilikuwa kimemchukua mkewe upande wa kulia na karibu maneno yote, naye hakutaka alale peke yake miongoni mwa wageni. Walimpa chumba upande wa wanaume, hatua arobaini kutoka kwa mkewe. Mwezi wa kwanza kidonda cha nyonga, kilichotokana na kulala bila kugeuzwa, kilikuwa kama kifungo cha shati. Sasa kilikuwa kama kiganja. Daktari anayepita mara moja kwa mwezi alisema wazi kwamba asipogeuzwa kila baada ya saa mbili kitafika kwenye mfupa, na kikifika huko hawatakuwa tena na la kufanya. Karani alijaribu kumgeuza mwenyewe, nusura waanguke wote wawili.

Jumatatu moja aliona karatasi inavyopikwa. Mhudumu wa wodi, binti mwenye viatu vya mpira, alisimama miguuni pa kitanda, akatoa kalamu ya bluu na kujaza wiki nzima mpaka Jumapili, kisha akahamia kitanda kinachofuata. Karani hakushangaa, alijisikia kama amerudi kazini. Miaka thelathini na mmoja alikuwa ameshika daftari la mahudhurio katika kiwanda cha sabuni, na kwa roho yake nzuri aliwasainia walevi, waliochelewa, na fundi mmoja aliyemzika mama mkwe yule yule mara tatu. Mwandiko wa namna hiyo aliujua kama anavyoijua sura yake.

Akaenda kwa Matroni, mkuu wa makao.

"Mzee wangu, karatasi inasema amegeuzwa," Matroni alisema kwa upole.

"Mimi nilikuwepo, Matroni. Hakugeuzwa."

"Sikatai kwamba ulikuwepo. Ila ulisaini wapi?"

Alimshauri apeleke malalamiko kwenye Kamati ya Haki za Wakazi. Karani akayapeleka. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Matroni, aliyemsikiliza upya kwa makini kana kwamba hawajawahi kuonana, akaandika kwamba malalamiko yamepokelewa na yamekwisha. Orodha yenyewe ya haki za wakazi ilibandikwa ukutani nyuma ya mlango, na mlango ule ulikuwa wazi mchana kutwa.

Siku zile korido ilianza kunuka rangi mpya, kwa hiyo kila mkazi alijua kwamba mkaguzi anakuja Ijumaa. Jumatatu iliyofuata, karatasi mpya ya wiki ilipokwisha kujazwa, Karani alimpigia simu binti yao.

"Mama yako mtoe kesho Jumanne, mpeleke hospitali kidonda kioshwe. Mrudishe Ijumaa asubuhi, na barua ya daktari usiisahau."

"Baba, si ulisema hutaki ahangaishwe?"

"Mwanangu, hapa anahangaishwa kila baada ya saa mbili. Kwa maandishi."

Binti akaja, akasaini kitabu cha getini, akamchukua mama yake. Kitanda kilitandikwa. Karatasi ilibaki pale pale, maana kuiondoa kungekuwa kukiri kwamba imejazwa kabla ya siku zake. Jumatano Karani alikaa kwenye kiti chake cha plastiki mbele ya shuka tupu na kusoma kwamba mkewe amegeuzwa kulia, amegeuzwa kushoto, na mchana amemaliza maharage. Alitaka kucheka, akashindwa. Hasira zilimzidi.

Ijumaa mkaguzi alifika, mama mwembamba mwenye miwani, Matroni akiwa ubavuni. Alipekua karatasi za wodi nzima, akasema, "Hongereni. Hakuna nafasi hata moja iliyo wazi."

Karani akasimama. "Nami naomba kuwashukuru wahudumu. Mke wangu amelazwa hospitali siku tatu, ndiyo kwanza amerudi asubuhi hii, na hawa hawakuacha kumgeuza." Akatoa barua ya daktari, akaikabidhi kwa mikono miwili.

Mkaguzi alisoma barua, akasoma karatasi, akavua miwani. Matroni alisema ni makosa madogo ya uandishi.

Agizo lilitoka siku hiyo hiyo. Kila kugeuza kuandikwe kukiisha kufanyika, kando awepo shahidi wa kusaini, na karatasi zipelekwe kwa mkaguzi kila Jumatatu. Shahidi wa mama yule akawa mumewe. Matroni mwenyewe alimletea kalamu, akiwa amenuna.

Wiki mbili zikapita vizuri. Kidonda kikaanza kukauka pembeni. Karani akatembea koridoni kifua mbele, hadi alasiri ile usingizi ulipompitia kwenye kiti. Aliposhtuka ilikuwa saa kumi na dakika arobaini, na Mhudumu ameinama mbele yake, jasho linamtoka, aproni imelowa.

"Babu, nisainie hapa saa kumi. Kitanda cha kumi na tisa ameanguka, nikimwinua tu nakuja kumgeuza bibi. Nakuapia."

Karani alimtazama na kukumbuka jambo ambalo kwa hasira zake zote hakuwahi kulihesabu. Vitanda ishirini na viwili, na huyu yuko peke yake tangu mwenzake alipoacha kazi. Akamwonea huruma, na huruma yake siku zote ilikuwa ikitokea kwenye kalamu. Ncha ikagusa karatasi.

"Usi... saini."

Mkewe alikuwa hajatamka neno tangu Jumapili. Jicho lake zima lilikuwa limemkazia, lile lile lililomkazia miaka yote ile alipokuwa akirudi nyumbani na kusimulia jinsi alivyomwokoa fulani kwa saini.

Karani akaiondoa kalamu. "Mwinue huyo aliyeanguka kwanza, mwanangu. Tunakungoja."

Mhudumu aliporudi walimgeuza pamoja, yeye mabega, babu mto. Kisha Karani akaandika: saa kumi na moja na dakika tano. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuandika uchelewaji wa mtu kama ulivyokuwa. Chini yake akaongeza: "Kachelewa kwa sababu yuko peke yake kwa vitanda ishirini na viwili. Nimeshuhudia." Akasaini.

Mhudumu alisoma, akashika kichwa. "Babu, umeniponza!"

"Nimekuombea mwenzako wa kazi. Jumatatu mkaguzi ataisoma."

"Na asipojali?"

"Wiki ijayo nitaandika tena."

Kitandani, mkewe, sasa akiwa ameelekea dirishani, aliuliza kwa shida, "Saa... ngapi?"

Karani akatazama saa ya ukutani, halafu, kwa mazoea ya zamani ya kutafuta dakika za kumpunguzia mtu, akaitazama mara ya pili kabla ya kumjibu.

"Kumi na moja na dakika nane," alisema. "Tumekuchelewesha, mama. Tusamehe."