Mbao Zilizoguna

Rosdi alipoichana faiba ya nyuma ya boti kwa grenda, harufu ilimpiga usoni kabla hajaona kitu. Ubao mnene unaobeba mashine ulikuwa umegeuka uji mweusi. Maji yalipenya kwenye matundu ya skrubu kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi, na nje boti inang'aa rangi ya kijani kama mpya. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Boti ilikuwa ya kaka yake, Embong, na msimu wa ngisi ulishaanza. Wavuvi wengine wote wa kijiji cha Marang walikuwa baharini; Embong peke yake alizunguka bandani, mikono nyuma.

"Fundi gani wewe, unaibembeleza boti kama bibi harusi?"

"Imeoza, kaka. Mpaka mihimili ya chini."

"Basi toa, weka mpya, ziba! Nile wali na mchuzi wa budu, dagaa wa kuchacha, mpaka lini?"

Rosdi akatoa, akaweka mbao mpya. Lakini turubai la banda lilikuwa limechanika, mvua ikazilowesha. Akazigonga kwa mpini wa nyundo. Mbao kavu hulia. Hizi ziliguna tu. Na faiba haishiki mbao zenye maji. Itajifanya imeshika, kisha ibanduke kwa ndani pasipo mtu kuona.

"Zimekauka?" Embong akauliza. "Jumamosi natoka?"

Hapo palikuwa pa kusema hapana. Lakini kwetu mdogo hamkatalii mkubwa wake usoni, sembuse mbele ya watu, na majirani walikuwa wamekaa pale na kahawa yao.

"Inshallah, kaka," Rosdi akajibu polepole, macho chini.

Mtu yeyote wa Marang angesikia: bado, subiri. Embong, kwa uchu wa bahari, akasikia ndiyo.

"Umesikia mwenyewe!" akamwambia jirani. "Haya, ziba!"

Hapo ndipo mtu anapotamani kumzaba Rosdi kibao. Alijua kaka yake hakumwelewa. Angeweza kumfuata nyumbani, wakiwa wawili, amwambie. Aliona haya. Akachanganya gundi, akalaza faiba, akapaka rangi.

Jumamosi Embong akatoka. Boti ilirudi ikivutwa kwa kamba, nyuma wazi. Bahari ilipochafuka, mashine iling'oka na ubao wake, maji yakaingia. Embong aliokotwa na wenzake, ameshakufa. Rosdi aliitazama faiba aliyoilaza kwa mkono wake: imebanduka nzima, safi, haikushika hata unyuzi wa mbao. Akakaa mchangani, akalia kwa sauti.

Baada ya maziko, Kelesom, mke wa Embong, alimfuata bandani na sahani ya wali wa kisomo.

"Kula, shemeji. Watu wanasema hujatia kitu tumboni."

"Shemeji, zile mbao hazikuwa zimekauka." Rosdi hakuipokea sahani. "Nilijua."

Kelesom alisimama na sahani mkononi.

"Mimi nilimkataza asitoke," akasema. "Nilimwambia boti bado inanuka unyevu, ngoja. Akanicheka. Akaniambia, Rosdi si mtu wa kumtaja Mungu kwa jambo asilo na hakika nalo."

Akageuka, akarudi nyumbani na sahani yake.