Pambizo la Kitabu Kikuukuu

Mwaka wa tisa huo, na bado walikuwa wanamwandikia ujinga uleule. Mwalimu wa historia, ambaye wanafunzi wa chuo walimwita Kalamu Nyekundu akishawapa kisogo, alifika karatasi ya sitini akakuta tena kwamba gavana wa kwanza aliogopa farasi. Farasi! Kitabu cha somo alikijua nje ndani, na humo hamkuwa na farasi hata wa dawa. Jamani, hawa watoto huyatoa wapi haya? Akapiga mstari mwekundu mpaka karatasi ikachanika.

Lakini si gavana aliyemkosesha raha. Kilichomkaa kooni ni ukurasa wa mia na arobaini wa kitabu hicho, uliosema kwamba wanawake wa kiwanda cha kuchambua pamba waligoma, kisha wakarudi kazini siku ya tatu baada ya kubembelezwa na waume zao. Mama yake alikuwa mmoja wa wanawake hao. Waligoma siku kumi na tisa, na aliyesalimu amri ni mwenye kiwanda. Kila muhula ulipoanza, bibi kizee huyo, ambaye sasa hakuona tena herufi, aliuliza swali moja tu: mmeshakibadilisha? Na kila muhula bintiye alisema bado, mama, kamati ya vitabu itakaa.

Safari hii kamati ikakaa kweli. Watu watano, vitabu vitatu vipya mezani wachague kimoja, chai ya kutosha. Kalamu Nyekundu alikuwa amevisoma vyote mstari kwa mstari, kabandika vikaratasi vya rangi, kachora na jedwali. Wenzake hawakuwa wamefungua hata kimoja. Mmoja alikipima kitabu mkononi, akasema ni kizito, wanafunzi wataumia mabega. Mwingine alipenda jalada. Wa tatu alisinzia, na alipozinduka akaunga mkono hoja, ingawa hapakuwa na hoja. Kikao cha nne kizima kiliishia kwenye ukubwa wa herufi.

Mkuu wa idara, ambaye alifundishwa na mwandishi wa kile kitabu cha zamani, aliwaacha waseme mpaka wakachoka. Kisha akatamka kwa upole kwamba kitabu kilichowatosha wao kitawatosha na watoto, na wenzake wakaitikia haraka maana chai ilikuwa inapoa. Kalamu Nyekundu akawafungulia ukurasa wa mia na arobaini. Akaambiwa asilete mambo ya nyumbani kazini, na kama ana ushahidi aulete kwa maandishi. Ushahidi wake ulikuwa nyumbani, unaanika nguo.

Alitoka pale hasira zimemfika puani, akaitupa nakala yake ya kile kitabu cha zamani kwenye pipa la taka la ofisi. Kufika getini akakumbuka kwamba Jumatatu ana kipindi. Kitabu kilikuwa hakichapishwi tena tangu zamani, kwa hiyo wanafunzi wote walikipata kwa fundi wa fotokopi ng'ambo ya barabara, kutoka nakala moja iliyofungwa kwa mpira. Akavuka, roho haitaki, miguu inakwenda.

Fundi alipoinama kutafuta karatasi, yeye akawa anapekua ile nakala. Ukurasa wa ishirini na mbili, pambizoni, kwa mwandiko safi wa mtu aliyechoka darasani miaka hiyo: "Huyu gavana aliogopa farasi."

Akauliza ni nani aliyeandika upuuzi huu.

"Nilikikuta hivyohivyo," alisema fundi. "Mimi natoa kilichomo, mwalimu."

Miaka tisa! Miaka tisa amewakata maksi watoto wa watu kwa utani wa mtu asiyemjua. Alitamani kulia, akatamani kucheka, akaishia kusonya. Kisha akafungua ukurasa wa mia na arobaini. Amewafundisha wanafunzi mwenyewe kwamba maandishi ya mwingine hayachezewi. Alijua anachokifanya si kizuri, na akaomba kalamu.

"Chukua nyeusi," alisema fundi bila kugeuka. "Nyekundu haitoki vizuri."

Akaandika pambizoni: "Si kweli. Siku kumi na tisa. Waume gani? Mama yangu hakuwa na mume wakati huo." Alitaka kuweka na jina lake, lakini nafasi ikaisha.

Kwenye mtihani wa mwisho wa muhula uliofuata aliuliza habari za mgomo. Karatasi ya kwanza ilisema: "Mgomo ulidumu siku kumi na tisa. Mama yangu hakuwa na mume wakati huo." Ya pili hivyohivyo. Ya tatu nayo. Kalamu ikabaki hewani. Wamenakili tena bila kufikiri, watoto hawa watamuua! Hakujua awape sifuri au awape zote.

Akabeba furushi mpaka nyumbani, akaketi karibu na mama yake, akamsomea moja baada ya nyingine. Kwenye ya thelathini bibi kizee akamshika mkono.

"Wako wangapi?"

"Mia moja na nne, mama."

"Na wote wamesema mama yao?"

"Wote."

Bibi kizee akajifuta macho kwa upindo wa nguo.

"Basi usinifelishie wanangu."