Bangili Nyepesi

Mtaa mzima ulimwita Mama Redio, naye aliliitikia jina hilo bila kinyongo. Habari haikuwahi kulala tumboni mwake. Ukimpa siri asubuhi akiwa anasuuza vyombo, jioni unaisikia kwa mshonaji wa kona, imetiwa chumvi na inanoga kuliko ulivyoitoa. Watu hawakumchukia kwa hilo, maana alikuwa na sifa moja: chumvi atatia, lakini la uongo hasemi. Akishasema Mama Redio, basi limekuwa. Ndiyo maana sebule yake haikukosa wageni, na vikombe vyake havikuwahi kukauka.

Siri moja tu ndiyo aliyoshindwa kuitoa, na hiyo aliivaa mkononi.

Bangili yenyewe alivishwa na marehemu mumewe zamani wakiwa bado wamepanga chumba kimoja. Dhahabu tupu, nene kama kidole cha mtoto, nzito kiasi kwamba akipiga soga huku ameinua mkono, mkono ulichoka kabla ya mdomo. Mzee alipougua, binti yao wa mwisho, waliyemwita Kitinda, ndiye aliyemgeuza kitandani, akamlisha, akamfulia mashuka. Kabla hajafumba macho mzee alitamka mbele ya wote: hiyo iliyo mkononi mwa mama yenu, siku akiivua, ni ya Kitinda. Hakuna aliyefungua kinywa kupinga, hata kaka mtu.

Huyo kaka mtu jina lake la mtaani lilikuwa Plasma, na alilipata kazini. Karakana yao ilitengeneza vyuma vya kuwekwa ndani ya miili ya watu: skrubu za kushikia mifupa iliyovunjika, vichwa vya nyonga. Siku moja alimpeleka mama yake akaone. Vyuma vya titani, madini magumu lakini mepesi, viliingizwa kwenye tangi kubwa vikiwa na rangi ya kijivu, kama sufuria kuukuu. Mlango ukafungwa, pampu ikanyonya hewa yote, ikaachiwa gesi kidogo ya naitrojeni, kisha ukapigwa umeme. Mama Redio akachungulia kwenye kidirisha: gesi ilikuwa imewaka zambarau, ndiyo plasma yenyewe, imevivaa vile vyuma kama ukungu. Vilipopoa na kutolewa, vilikuwa vya dhahabu. Akashika mdomo.

Plasma alicheka sana. Akamweleza kwamba dhahabu haimo hata chembe. Gesi imepenya juu juu na kukigeuza chuma kiwe kigumu, kisilike kikisuguana.

"Ni ngozi tu hiyo, Mama," alisema. "Ndani ni kijivu kilekile."

Mama Redio aliitangaza safari hiyo mpaka wapangaji wake wakaikariri. Mwanangu anaoka vyuma, alisema, vinaingia kama mimi vinatoka kama bibi harusi.

Haikupita muda Plasma akamwomba ile bangili. Alisema moto uleule wa gesi unang'oa uchafu usiofikiwa na sabuni wala mswaki, ataisafisha bure. Mama akapaka mkono povu, akaivua, akampa. Iliporudi, sebule ilikuwa imejaa, na kila mtu alishangilia ilivyong'aa. Alipoivaa, mkono ulipanda wenyewe, kama mtu aliyejiandaa kubeba ndoo iliyojaa kumbe ni tupu.

"Imekuwa nyepesi," alisema.

"Uchafu huo, Mama. Uchafu wa miaka yote umetoka."

Watu wakaangua kicheko, kumbe Mama Redio siku zote alikuwa amebeba takataka. Naye akacheka, tena kuwashinda wote. Mwezi uleule Plasma akanunua gari, na aliyeitembeza habari ya gari nyumba hadi nyumba alikuwa mama yake.

La bangili alilimeza. Alijiambia mwanangu atakuja mwenyewe, atakaa hapa pembeni yangu, atasema Mama, nilibanwa. Kofi alikuwa nalo tayari, na msamaha alikuwa nao tayari. Plasma alikuja kila Jumapili, akala, akamtania, "Redio, leo mawimbi yanashika?" akaondoka. Mama akawa anaisugua bangili kwenye ngazi ya zege wakati wa kuosha masufuria, akitafuta japo mchubuko mmoja. Ngazi ndiyo iliyoanza kulika.

Mpaka siku alipoteleza uani. Alitua juu ya mkono uleule, na kabla chai ya pole haijachemka kifundo kilikuwa kimeumuka kama unga uliotiwa hamira, bangili imezama nyamani na vidole vimeanza kubadilika rangi. Kitinda alijaribu sabuni, akajaribu mafuta, akajaribu uzi. Muuguzi aliyepanga chumba cha nyuma akasema ikatwe sasa hivi, la sivyo mkono utaharibika. Akaitwa sonara.

Sonara aliingia na tupa yake, mchangamfu, akiahidi kwamba dhahabu hukatika kama jibini. Watu walijaa mpaka mlangoni. Akaweka tupa, akavuta, ikateleza. Akavuta tena. Akaigeuza tupa kwenye mwanga akayatazama meno yake, kisha akamtazama Mama Redio usoni, na uchangamfu ukamwisha.

"Hii si kazi yangu, Mama," alisema taratibu. "Mwiteni aliyeitengeneza."

Akaitwa Plasma, mwenye vyombo vya kukatia vyuma, naye akaja na mashine ya diski. Akapenyeza kijiko chembamba kati ya ngozi na chuma, Kitinda akashika kitambaa na kumimina maji, na cheche zikaruka nyeupe kama za kuchomelea. Mama Redio hakulia. Alikuwa anamtazama mwanawe utosini, akisubiri. Bangili ilipokatwa pande zote mbili ikaachia, kipande kimoja kikadondoka mapajani mwa Kitinda, mkato ukitazama juu. Nje dhahabu. Ndani kijivu.

Kitinda akakiinua. Akakipima kiganjani.

"Kaka, bangili ya Baba iko wapi?"

Plasma alifuta diski yake, akaifuta tena.

"Mwulize Mama," alisema.

Hapo Mama Redio akaelewa kwamba hakuna Jumapili ambayo mwanawe angekuja kukiri. Wote walikuwa wamemgeukia, na alijua akilitamka moja, hilo ndilo litakalokuwa.

"Niliiuza mimi," alisema. "Kaka yako nilimwomba anitengenezee hii, nisiaibike."

"Ukanunulia nini?"

Hilo hakuwa amelitayarisha. Hakuwa mzoefu. "Niliila," alisema.

Kitinda angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alikausha mkono wa mama yake, akaufunga vizuri kwa kitambaa, akaviweka vipande vyote viwili juu ya meza.

"Siku zote nilikuwa nawaambia watu," alisema, "mama yangu ana mdomo, lakini haongopi."

Akachukua mkoba wake akatoka, hata hakuaga. Na wageni nao, mmoja mmoja, wakakumbuka kwamba wameacha kitu jikoni. Mama Redio alijua wanakwenda wapi na watakachosimulia. Njia zote hizo alizifungua yeye. Chai ikapoa vikombeni.

Alibaki Plasma, anazoa vumbi la chuma kwa kiganja, amepata pumzi. Hakusema asante, wala hakusema samahani. Alipomaliza akaushika mkono wa mama yake kwa upole, akaugeuzageuza.

"Uvimbe ukishuka nitakutengenezea nyingine, Mama. Nzuri kuliko hiyo."

"Sawa," alisema Mama Redio. "Ila hiyo uitengeneze nzito."

"Titani haiwi nzito, Mama, ndivyo ili..."

Akakwama hapo. Mama yake alikuwa ameshafumba macho, mkono uliofungwa umelala mapajani, na vipande viwili vya bangili vilikuwa bado mezani ambapo yeyote angeweza kuviona.