Jua la Saa Mbili Usiku

Jumapili baada ya ibada, Bupe alisimamisha kishikwambi juu ya kabati la vyombo, kati ya redio na picha ya marehemu baba yake, akachomeka chaja ukutani. Kilikuwa kishikwambi chake cha zamani, alichofundishia huko Iringa mpaka kioo kikapata ufa. Sasa kilikuwa saa ya mama yake. Kilionyesha siku, tarehe, saa kwa tarakimu kubwa kama sahani, na chini kabisa neno moja: ASUBUHI, MCHANA, JIONI au USIKU. Bupe alikuwa amesikia kwamba wazee wanaopotewa na siku husaidiwa hivyo, na mama yake, Esnath, alikuwa amepotewa. Mwezi uliopita alikwenda kanisani Jumamosi, akakaa peke yake kwenye benchi la akina mama mpaka mfagizi akamwuliza anamsubiri nani.

Hilo lilimuuma Esnath, lakini si kama suala la matuta. Shamba la viazi nyuma ya nyumba yake, pale milimani juu ya Uyole, mumewe aliliacha na matuta ishirini na mawili. Msimu uliofuata Esnath alihesabu ishirini. Safari hii kumi na saba. Kila aliyemweleza alimtazama kwa huruma, akasema ni umri tu, mama. Hakujua tena kilichopungua ni shamba au ni kichwa chake, na hofu hiyo ndiyo aliyokuwa akilala nayo.

Kishikwambi kilianza vibaya. Jumatatu saa moja asubuhi kiliandika 7:00, Esnath akaona imeshafika saa saba, akainjika ugali wa mchana. Bupe alicheka, akakirudisha nyuma kwa saa sita ili tarakimu zifuate watu wanavyosema. Ikawa 1:00, saa moja. Neno la chini hakulitazama, kwa sababu alikuwa anawahi basi la Iringa.

Tangu hapo sebule ikawa inafuata kishikwambi. Asubuhi kiliandika 1:00 USIKU, na sebuleni kukawa na giza totoro, ingawa jikoni jua lilikuwa limeshafika kwenye masufuria. Jioni, majirani walipowasha taa, kiliandika 1:00 MCHANA, jua likaingia dirishani na kutandaa juu ya kochi. Siku tatu za kwanza Esnath hakujielewa. Alipiga mswaki mara mbili, akasali sala ya kulala huku jua likimpiga usoni. Baadaye akajipanga: asubuhi alikaa jikoni, jioni sebuleni. Jirani yake Ombeni akawa analeta maharage yake kuyachambulia pale, maana kwake umeme ulikuwa umekatika na mwanga wa kwa Esnath ulikuwa mzuri.

"Jua lenu kali, mama," alisema Ombeni Alhamisi moja, saa mbili usiku. Akainuka kuvuta pazia.

"Acha kwanza," alisema Esnath.

Kutoka dirishani shamba lake lilionekana lote, peupe, na ndani yake alikuwamo shemeji yake Anyitike, mdogo wa marehemu na mwenye shamba la jirani, ameinama na tochi mkononi. Tochi ilikuwa inawaka, ila kwa jua lile haikusaidia kitu. Aling'oa shina la bingobingo, yale majani marefu yaliyopandwa kuonyesha mpaka, akapiga hatua moja kuingia upande wa Esnath, akalipanda upya na kulikanyagia udongo. Akafuata la pili. Alifanya kazi bila haraka, mara akijikuna, mara akipenga kamasi, kwa kuwa alijua hakuna anayemwona.

Kabla ya hasira, Esnath alijawa na furaha. Kumbe ni shamba. Kichwa chake kilikuwa kizima.

"Kumbe ulikuwa unahesabu sawasawa," alisema Ombeni, akaendelea na maharage.

Esnath alitoka nje kumkabili. Nje kulikuwa usiku. Tochi ikazimwa, akabaki anaita jina la shemeji yake gizani.

Kesho yake alikwenda kwa mzee Sedekia, mwenyekiti wa baraza la ardhi la kijiji. Sedekia alimwuliza aliona saa ngapi, na kwa taa gani. Esnath akajibu saa mbili usiku, kwa jua. Mzee hakumcheka. Jioni alikuja mwenyewe, akavua kofia, akakaa kwenye kochi akipepesa macho, akaletewa chai na viazi vya kuchemsha. Saa mbili na robo Anyitike akatokea na tochi yake, akahamisha mashina manne.

"Unasema kweli, mama," alisema Sedekia. "Nimemwona kama ninavyokuona wewe."

"Basi andika."

"Niandikeje? Nikiandika usiku, wataniuliza nilionaje. Nikiandika mchana, mchana yuko sokoni Uyole, kila mtu anamwona." Alisugua magoti, na ilionekana jambo lile linamuuma. Kisha akamalizia chai yake.

Jumanne baraza lilikaa. Iliandikwa kwamba mlalamikaji ni mtu mzima anayechanganya usiku na mchana, na kwamba mpaka ubaki ulipo. Anyitike alimpa shemeji yake mkono kwa heshima, akamwambia pole, akamsindikiza mpaka barabarani. Kucha zake zilikuwa na udongo.

Habari zilifika Iringa, na Bupe akapiga simu.

"Mama, kosa ni langu. Nilirudisha tarakimu nikalisahau neno. Jumamosi nakuja kurekebisha."

"Usikiguse, mwanangu," alisema Esnath. "Hata nilipokuwa sioni alichukua. Kama anachukua, achukue ninamwona."

Kishikwambi bado kiko juu ya kabati. Kila jioni Esnath hugeuzia kiti chake dirishani na kuhesabu matuta, huku shemeji yake akipita juani na tochi yake. Jana alihesabu mara mbili ili asikosee. Mara zote mbili yalikuwa kumi na mawili.