Dorine Ametumia Nyota Mapema

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Hata wateja wangu pale sokoni Homa Bay, wanaokuja niwashonee watoto wao sare za shule, wanajua: ukiniharakisha nakurudishia kitambaa chako, ukatafute fundi mwingine. Basi siku niliyofunika cherehani na kwenda Migori, mwaka ule wa tisini na sita, nilikuwa nimejaa mpaka hapa kooni. Nilikuwa naenda kumchukua binti yangu.

Dorine, kitinda mimba wangu, alikuwa ameolewa na Matiko, Mkuria wa Kehancha, fundi wa redio. Mwaka uliotangulia mimba yake ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi saba. Walifika hospitali jioni, na mambo yalikuwa yameharibika tangu asubuhi. Asubuhi, yawa! Niliuliza mpaka nikachoka: huyo mume alikuwa wapi mchana kutwa? Sasa mimba ya pili ilikuwa imeingia mwezi huohuo wa saba, na daktari alikuwa amemwambia alale tu, asiinue hata ndoo. Nikasema safari hii hapana. Atalala kwangu, nimtazame kwa macho yangu mwenyewe.

Nilifika Jumapili, kwa sababu siku ya Sabato mimi sisafiri. Walikaa kwenye ploti moja upande wa Oruba, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Matiko alikuwa ametoa godoro nyuma ya pazia akaliweka huku mbele, ili Dorine alale hapo na mimi nisilazimike kupita. Maana kwetu Wajaluo na kwao Wakuria hilo ni moja: mama mkwe haoni kitanda cha mkwe wake, halali nyumbani mwake, na mkwe hampi mkono wala hamtazami usoni. Mimi nilipangiwa kulala kwa jirani, Bonareri, Mkisii ambaye mume wake Omosa ana pikapu ya kubeba mbao.

"Habari ya safari, mama," Matiko akasema akiwa mlangoni, macho chini.

"Nzuri. Jumanne naondoka na Dorine."

Dorine akajiinua kidogo kwenye godoro. "Mama, hata chai hujanywa."

"Nitakunywa. Na Jumanne tutaondoka."

"Mimi niko sawa hapa, mama. Sijaumwa hata siku moja."

"Tutaona," nikasema.

Baada ya chai ndipo nikaona jambo lililotaka kunipasua. Yule mwanaume alivuta stuli, akawasha televisheni, akampa mke wake kontrola yenye waya na vitufe, akashika na yake, wakaanza kucheza gemu. Watu wazima! Mke mgonjwa amelala chini, mume amekodoa macho kwenye kioo.

"Kwa hivyo hii ndiyo kazi ya nyumba hii?" nikauliza ukuta, kwa sababu mkwe sitakiwi kumgombeza moja kwa moja.

"Mama, nalala mchana kutwa," Dorine akasema. "Nifanye nini, nihesabu mabati?"

Akanieleza. Mashine iliachwa na Mwamerika mmoja aliyekuwa akifundisha huko Rongo. Ilikuwa imekufa, Matiko akaifufua, lakini yule Mwamerika alikuwa amesharudi kwao. Ilikuwa na kaseti moja tu, ya mpira wa Kiamerika. Yaani unaitwa mpira wa miguu na watu wanaubeba kwa mikono! Wamevaa kofia ngumu, mmoja anakumbatia mpira uliochongoka pande mbili anakimbia nao, wengine wanamrukia wanamwangusha. Akifika mwisho wa uwanja, amefunga.

"Sasa angalia huyu," Dorine akasema, akiwa amechangamka. "Namba thelathini na mbili. Huyu ndiye nyota wangu. Wengine wote ni watu wa kawaida, lakini yeye ana nguvu yake. Nikifinya vitufe hivi viwili pamoja anawaka manjano, na akishawaka hakuna mtu anayeweza kumwangusha. Lakini ni mara moja tu katika mchezo mzima. Ukishaitumia, basi."

"Si umfinye sasa umalize?"

Akacheka. "Aa, mama! Nyota haitumiwi hovyo. Unaitunza mpaka dakika za mwisho, wakati umebanwa kabisa."

"Huyu hutunza mpaka ananitesa," Matiko akasema polepole, akitazama kioo. "Mimi natumia ya kwangu mapema, sina subira. Yeye anangoja tu, anangoja, halafu mwishoni ananiua."

Na kweli, mchezo ulipobaki kidogo kuisha, Dorine akiwa nyuma, namba thelathini na mbili akawaka, akapita katikati ya watu sita, akafunga. Dorine akapiga makofi hapo kwenye godoro. Nilitaka kukunja uso, nikashindwa. Tangu ile mimba itoke sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Lakini nilijiambia: kicheko hakimfikishi mtu hospitali.

Jumatatu mchana akanisumbua mpaka nikashika hiyo kontrola. "Cheza na Matiko, mama. Mara moja tu." Nikaketi kitini, mkwe akakaa kando kabisa, karibu na mlango, amenipa ubavu. Nikapewa mpira. Nikafinya mshale, mtu wangu akaanza kukimbia, na watu wa Matiko wakampisha. Wote! Mmoja alikuwa amesimama njiani kabisa, akasogea kando. Nikafunga. Mara ya pili vilevile, na ya tatu.

"Mbona hanirukii?" nikamuuliza Dorine.

Dorine alikuwa amejifunika shuka usoni, anatetemeka kwa kucheka. "Anasema hawezi kumwangusha mama mkwe."

"Si mimi huyo! Ni Mwamerika!"

"Najua, mama," Matiko akasema, jasho likimtoka. "Lakini ni wewe unayemkimbiza."

Nikaweka kontrola chini. Niliudhika, na wakati huohuo nilitaka kucheka, ndiyo nikaudhika zaidi. Nilikuwa nimekuja na shtaka langu limenyooka, na huyu kijana alikuwa ananiharibia. Nikamwambia Dorine afunge nguo zake, kesho asubuhi pikapu ya Omosa itatufikisha kwenye lami. Akasema sawa. Usiku ule pale kwa Bonareri nililala vizuri kama mtu aliyeshinda kesi.

Jumanne asubuhi nikamkuta ameoga, amevaa, begi liko mlangoni. Ameketi kwenye godoro ameegemea ukuta.

"Umeamkaje?"

"Vizuri, mama. Tunacheza mara moja ya mwisho, halafu twende."

Sikukataa. Omosa alikuwa bado anapakua mbao zake nje. Nikaketi, nikachukua uzi na sindano nikaanza kushona kifungo. Matiko hakuwa na raha, alikuwa hata hajanyoa ndevu. Akawasha mashine, wakaanza. Nilisikia ule muziki wake wa kelele, kisha nikamsikia Matiko akisema, "Dorine."

Niliinua macho. Kwenye kioo, namba thelathini na mbili alikuwa anawaka manjano. Mchezo ulikuwa hata dakika moja haujamaliza.

"Dorine, umetumia nyota."

"Nimeamua tu. Leo nataka kubadilisha."

"Inauma wapi?"

"Hakuna mahali. Cheza."

Matiko akaweka kontrola sakafuni. Akapiga magoti mbele ya mke wake. "Niambie inauma wapi."

Hapo nikalipuka. Hasira za siku tatu zote zilitoka pamoja. "Huu ni upuuzi gani? Mtoto wa watu amekuambia yuko sawa! Unamchelewesha safari kwa sababu ya gemu? Nyota, nyota, hiyo ni akili ama matope? Mwaka jana ulikuwa wapi na hizo nyota zako, wakati..."

Akageuka. Akanitazama machoni, kabisa, kama mtu anavyomtazama mwenzake.

"Mama, nyamaza."

Mimi! Katika maisha yangu hakuna mkwe aliyewahi kunitamkia neno kama hilo, na sijasikia mwanamke mwingine aliyetamkiwa. Sindano iliniponyoka. Na hapo nikamsikia Dorine akivuta pumzi kwa meno, pumzi ninayoijua, kwa sababu nimezaa watoto watano.

"Tangu alfajiri," Dorine akasema, machozi yakaanza kumtoka. "Inakuja, inaenda. Nilisema nikivumilia itapita. Nikisema, mama atasema si unaona, si nilikuambia huku si mahali pako. Sitaki kwenda, mama. Sitaki kuzaa mbali na yeye."

Matiko hakungoja amalize. Alikuwa ameshambeba mikononi, amenipita pale kitini karibu kunigusa, anaita, "Omosa! Omosa! Acha mbao!" Mimi nikawafuata pekupeku. Mbao nyingine zilikuwa bado juu ya pikapu, tukaketi juu yake hivyohivyo. Sikukumbuka kama kuna desturi duniani. Njia nzima nilikuwa nimemshika Dorine mguu, na Matiko amemshika kichwa.

Hospitalini walimwingiza ndani, wakafunga mlango. Tukangoja. Sijui saa ngapi. Nyasaye, Mungu wangu, peke yake anajua nilichomwahidi pale kwenye benchi. Nilikuwa najiuliza swali moja tu: angevumilia mpaka wapi, mtoto huyu? Mpaka Rongo, katikati ya njia? Mpaka tufike kwangu? Na angevumilia kwa sababu ya nani? Kwa sababu yangu mimi, mdomo wangu huu.

Daktari alipotoka alikuwa anajifuta mikono. "Uchungu ulikuwa umeanza kabla ya wakati. Tumeuzuia. Mtoto yuko, moyo unapiga vizuri. Mama yake atalala hapa wiki mbili hivi. Lakini mngechelewa mpaka mchana, singewaambia maneno haya." Akatutazama mmoja mmoja. "Nani aliona dalili? Maana yeye anasema hakumwambia mtu."

Nikamwonyesha Matiko kwa kidole.

Daktari alipoondoka Matiko akasogea mbali, mpaka mwisho wa ukumbi, akasimama na macho chini kama siku ile nilipofika. "Mama, nilikuambia unyamaze. Najua nimekosa. Nitaleta mbuzi, na wazee."

"Mbuzi wa nini! Njoo hapa."

Akaja hatua tatu.

"Ulijuaje?" nikamuuliza. "Usiniambie nyota tu. Niambie ulijuaje."

Akajibu akiitazama sakafu. "Dorine akiumwa hasemi. Lakini anakosa subira, anataka mchezo uishe. Mwaka jana pia alitumia nyota asubuhi, mwanzo kabisa. Sikuelewa. Alipoitumia mapema, mimi nikashinda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumshinda. Nilifurahi, mama. Nilienda kazini nikiimba. Nilirudi jioni nikamkuta kwenye damu."

Mwaka mzima nilikuwa nimeuliza mwanaume huyu alikuwa wapi, nikiuliza mbele za watu, na hakuwahi kunijibu. Alikuwa na hili ndani yake. Kila siku tangu siku ile alikuwa anaketi kwenye ile stuli anacheza ili amchunguze mke wake, na mimi nikamwita mpuuzi. Nilimpenda pale. Nasema bila aibu, nilimpenda kama niliowazaa.

"Matiko," nikasema, "nimemzaa mimi. Nimemlea miaka ishirini na tatu. Leo amekuwa na uchungu mbele yangu na mimi nashona kifungo. Wewe umemwona. Haendi Homa Bay. Atazaa hapa, kwako, na mimi nitakuja ukiniita."

Akajaribu kusema asante, ikakatika katikati. Akaanza kulia, mwanaume mzima. Mkono wangu ulienda kumshika bega, nikaurudisha, kwa sababu hilo haliwezekani kwetu wala kwao. Basi nikamgeuzia mgongo ili alie bila kuonwa na mama mkwe wake, naye akanigeuzia wake, tukalia hivyo, mgongo kwa mgongo, mpaka nesi akaja kutuambia Dorine anatuita wote wawili.