Kaburi Lisilo na Mtu

Wambui alizikwa kwao Murang'a. Mumewe Kamande alirudi Harrow, Uingereza, akabaki na mti. Ulikuwa mti mkubwa wa gome laini la kijivu, katika kijisitu nyuma ya nyumba, na Wambui alipenda kuketi chini yake akitoka zamu ya hospitali, viatu mkononi. Basi Kamande akaufanya kaburi. Kila Jumamosi alikwenda kumpa habari za binti yao Emma, na kile kivuli cha kijani kikamfunika hata akasahau yuko nchi gani.

Dhoruba ya majira ya baridi iliung'oa mti mzima mzima, mizizi juu. Alipofika alikuta anga mahali palipokuwa na matawi. Alilia kama aliyefiwa mara ya pili, wala hakuona haya.

Lakini kaburi haliachwi likawa pori. Kwao hiyo ni aibu ya ukoo mzima. Jua la machipuko lilipoingia pale ambapo halikuwa limeingia miaka na miaka, ardhi ikaamka: nyasi, miiba, vijani vya kila namna. Kamande akachukua kijembe. Bwana huyu alikuwa mhasibu maisha yake yote, ila mikono ilikumbuka shamba la mamake. Aling'oa kila kilichochipuka, udongo ukabaki mtupu, naye akaridhika. Katika ukungu wa asubuhi alimwona Wambui ameketi juu ya shina lililolala, anamtazama tu.

Mwezi wa Mei, Deepa, jirani yake mzaliwa wa Nakuru aliyewahi kufundisha bayolojia, alipita na mbwa wake. Akachutama penye rundo la magugu.

"Baba Emma, hii ni nini umeng'oa?"

"Ni magugu, Mama Alkesh. Nasafisha kwa Wambui."

Deepa akaokota kimche chenye vijani viwili vinene vya mviringo. "Hii si gugu. Ni mtoto ya ule mti. Iliangusha mbegu kabla ya storm. Majani ya kwanza haifanani na ya mama yake."

"Hivi vyote?"

"Vyote, Baba Emma. Pole sana."

Kamande akapapasa udongo kwa vidole, hapa na pale, akitafuta hata kimoja kilichomponyoka. Kazi yake alikuwa ameifanya vizuri mno.

"Labda kuna mbegu imebaki chini," Deepa akasema. "Wacha tu. Leave it. Miiba itazuia sungura."

Akaacha. Uyoga ukaota kwenye shina, mbawakawa wakalitoboa, upupu wa Kizungu ukaja na vipepeo wake. Mwaka wa tatu miiba ilimpita kimo. Jumamosi moja alisimama nje yake, hana pa kuketi wala pa kupita, roho ikimwuma kutaka kujua kama humo ndani umesimama mti mmoja mdogo, hata mmoja tu. Akashika tawi la miiba, akalivuta kando. Ndani kabisa, ndege aliyekuwa akilisha makinda akanyamaza ghafla.

Kamande akaliachia tawi polepole.

"Wambui," akanong'ona, kama mgeni aliyefika mlangoni akaambiwa kuna mtoto mchanga amelala. "Nitapita siku nyingine."